Nandonde Alizeeka Mkononi Mwangu

Najua kuchora mvua. Najua kuchora mbuzi anayetaka kucheka lakini anaona aibu. Najua kuchora vumbi jekundu la Newala kwa wino mweusi, na msomaji akaapa kwamba ameliona jekundu. Hayo nitawafundisha ninyi vijana mnaokuja barazani kwangu hapa Masasi na simu zenu, mkichora kwa kidole juu ya kioo. Lakini mkiniuliza picha inakwenda kufanya nini ikishatoka mezani, hapo sina jibu. Nimefanya kazi ya vibonzo tangu nina nywele nyeusi hadi zilipoisha zote, na swali hilo bado limesimama mbele yangu kama mgeni asiyetaja jina.

Mimi ni Mmakua, mtoto wa watu wa misheni, na mtaani wananiita Baba Agnesi. Chombo changu cha kwanza kilikuwa brashi ya kupaka rangi mabango ya maduka. Aliyenishikisha ni Mzee Paulo, fundi wa mabango ambaye siku za sikukuu alichora pia vitambaa vya kanisani. Jumapili ibada ikiisha alinikalisha ng'ambo ya barabara nichore migongo ya watu wanaoondoka. Nyuso alinikataza. Alisema uso mtu huuandaa nyumbani kabla hajatoka, lakini mgongo hakuna anayeukumbuka. Nilichora migongo mpaka nikawa natambua nani kagombana na mkewe kwa jinsi mabega yalivyokaa. Siku moja nikamwonyesha mgongo wa mtu mnene anayetembea kama ana mawe mfukoni. Akautazama sana, akauliza huyu ni nani. Alikuwa yeye. Hakusema nami mpaka Jumatano.

Basi ndivyo kazi hii ilivyo. Unachora unachokiona, kisha mwenyewe anakuuliza ni nani.

Baadaye nilihamia Newala, kule juu, ambako maduka mapya yalikuwa yakifunguliwa na kila mwenye duka alitaka jina lake liwe kubwa kuliko la jirani. Nilipanga chumba kwa Bi Somoe, mama wa Kimakonde mwenye chale nzuri za zamani mashavuni na ulimi usiokuwa na mlango. Huko ndiko nilikoanza kuchora vibonzo usiku na mchana, nikivituma kwa basi hadi kwenye gazeti moja la hadithi za picha la Dar es Salaam ambalo siku hizi halipo tena. Na huko ndiko nilikopata ile rangi ya kijivu ambayo wahariri waliisifu, wakidhani nimeipata kwenye kitabu.

Niliipata kwa kuaibishwa. Mnajua Newala maji yalivyokuwa. Yalikuwa bondeni, na watu walikuwa juu. Asubuhi moja nilisuuza brashi kwenye kikombe, nikamwaga, nikachota mengine, nikamwaga tena. Bi Somoe alikuwa ameketi mlangoni akichambua kunde, akanitazama mpaka nikamaliza.

"Baba Agnesi," akasema taratibu, "hayo maji yamepanda mlima kwa jasho la mtu."

Tangu siku hiyo kikombe kimoja cha maji ya brashi kilikaa mezani mpaka kilipokauka chenyewe. Kila siku kilizidi kuwa cheusi kidogo. Siku za mwanzo maji yake yalikuwa rangi ya ukungu wa asubuhi, siku za kati rangi ya kivuli cha ukuta, za mwisho rangi ya mawingu yaliyobeba kitu. Nikajifunza kupanga picha zangu kulingana na kikombe: kikiwa kipya nachora asubuhi, kikizeeka nachora jioni. Ninyi mnabonyeza tu kijivu mnachokitaka. Siwaonei wivu. Kijivu changu kilikuwa na uzito wa maji ya mtu.

Mengine ya kazi niyaseme haraka kabla sijasahau. Wakati wa kupulizia mikorosho salfa, ule unga wa njano, usiache wino mbichi karibu na dirisha, utapata watu wote wana homa ya manjano. Ukiwa umebangua korosho asubuhi, usishike karatasi mchana. Yale mafuta ya maganda huunguza ngozi, na alama ya kidole chako itabaki kwenye shavu la mtu uliyemchora. Ukituma kazi kwa basi, izungushe, itie ndani ya bomba la plastiki, ziba kotekote. Mimi zamani nilifunga kwa gazeti tu, na utingo mmoja akaweka juu yake ndoo ya shangazi yake ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, yaliyoiva. Picha zilifika Dar zimelowa maji ya mabibo, zimeshika madoa ya kahawia kila kisanduku. Nilipoitwa kwenye simu ya duka la jirani nilijua nimefukuzwa. Mhariri akasema lile wazo la kuonyesha kiangazi kwa madoa ni zuri sana, niendelee nalo. Nikaendelea nalo. Kila msimu nilikamua bibo moja kwenye kisosi. Hata leo sijui kama nilikuwa na kipaji au shangazi wa utingo ndiye alikuwa nacho.

Sasa nije kwa Nandonde, kwa sababu ndiye aliyenifanya niandike.

Wakubwa wenu wanamkumbuka. Mwanamume mwembamba, kofia upande, anasukuma baiskeli. Kila wiki alikuwa anakwenda mahali fulani na kabla hajafika anakutana na jambo. Hakuwahi kuipanda ile baiskeli. Wasomaji walitunga sababu zao. Wengine walisema ni ya mkwewe na ameambiwa asiikalie. Wengine walisema ameapa. Mwalimu mmoja wa Tandahimba alinieleza mbele ya watu kwamba Nandonde ndiye mkulima wetu, na baiskeli ni korosho: anaihudumia miaka yote na haimbebi. Watu walipiga makofi, nami nikapiga. Ukweli ni kwamba nilikuwa siwezi kuchora magoti ya mtu aliyekaa kwenye baiskeli. Jaribuni mwone. Goti moja linakwenda juu, jingine chini, na mtu mzima anageuka panzi. Nikaona heri asukume.

Na uso wake? Niliuunda, ndivyo nilivyoamini. Mashavu nilichukua kwa mjomba wangu, kofia kwa mnunuzi mmoja wa korosho, pengo la meno ni langu mwenyewe. Uso wa kibonzo haupaswi kutoka kwa mtu mmoja, la sivyo atakuja nyumbani kwako na ndugu zake. Mzee Paulo alinionya hivyo, na nilidhani nimetii.

Nikarudi Masasi, nikazeeka, Nandonde akahamia gazeti jingine, akaendelea kusukuma. Nami nikienda sokoni watu walinisimamisha kunieleza kwamba wanamjua. Ni baba mdogo wao. Ni fundi viatu wa stendi. Nilizoea. Mtu akiona uso ambao haujakamilika, huumalizia kwa mtu wake.

Kisha akaja Mama Zainabu.

Alishuka kwenye basi la asubuhi la Newala, akauliza njia, akafika hapa mlangoni na kikapu kichwani. Mwanamke wa makamo, mrefu, amefunga khanga vizuri kama mtu anayekwenda kwenye shauri. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia, nikamkaribisha. Alipotaja ukoo wa mumewe nikacheka, kwa sababu ukoo ule na wangu tunataniana tangu mababu. Nikamwuliza kama kikapuni ameniletea panya wa kuchoma ambao wanaume wa kwao huficha hata wake zao wasiwaone. Kwa kawaida angenirudishia kubwa zaidi. Hakunirudishia. Akatua kikapu, akaketi, akasema:

"Mtani, umemwona wapi Hassani?"

Nikamwambia simjui Hassani. Akatoa kikapuni kurasa za magazeti, zimekunjwa kwa uangalifu kama nguo za mtoto, akazitandaza mkekani. Zote zilikuwa za Nandonde.

Hassani alikuwa mumewe. Alikuwa akiuza maji Newala: madumu mawili kila upande wa baiskeli, moja juu ya keria, kutoka visima vya bondeni upande wa Kitangari hadi kwenye milango ya watu mjini. Binti yao Zainabu akiwa hajaanza shule, Hassani alisikia habari za mawe mekundu ya vito ng'ambo ya Ruvuma, huko Msumbiji, akavuka na wenzake kwenda kuchimba. Alituma salamu mara mbili. Kisha kule kukaingia vurugu na mauaji, watu wakakimbia, wenzake wengine wakarudi. Yeye hakurudi, na hakuna aliyemwona amekufa. Zainabu sasa ni muuguzi.

"Huyu ni yeye," akasema, akiweka kidole juu ya Nandonde. Nikamweleza kwa upole habari ya mjomba na mnunuzi wa korosho. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesubiri basi lipite. Kisha akavuta ukurasa mmoja. Nandonde amefika nyumbani kwake mwenyewe na amesimama mlangoni anabisha hodi. Ulikuwa mzaha wangu wa wiki moja, wala haukuwa mzuri.

"Hassani alikuwa anabisha hodi kwake," akasema. "Kutwa nzima alibisha kwenye milango ya watu na maji yao, akija kwetu anasahau kuwa amefika. Nilikuwa namcheka. Hilo ulilijuaje wewe?"

Sikujua nililijuaje. Niwaambie kweli, hapo ndipo akili yangu ilipoanza kunizunguka. Nilikuwa nimekaa Newala miaka ile. Mlango wa Bi Somoe ulibishwa kila asubuhi na mtu wa maji. Nilimsikia, nikaendelea na kazi. Nililipa maji kwa Bi Somoe, na mtu mwenyewe sikumtazama, au nilimtazama bila kujua kwamba natazama. Wauza maji wote walisukuma baiskeli zao, kwa sababu hakuna anayeukwea mlima ule amekaa juu ya baiskeli yenye madumu. Sasa, Nandonde alikuwa anasukuma kwa ajili ya magoti yangu mabaya, au kwa sababu kila asubuhi nilikunywa maji ya mtu aliyesukuma?

Lakini Mama Zainabu hakuja kwa ajili ya zamani. Alipanga kurasa kwa mfuatano. Za mwanzo Nandonde alikuwa kijana, mistari imenyooka. Baadaye amekunjamana usoni. Za karibuni ameinama, shingo imelegea, miguu inatetemeka barabarani.

"Anazeeka," akasema. "Mtu aliyekufa hazeeki, mtani. Kuna mtu anamwona na anakuletea habari. Niambie ni nani."

Nilitazama zile kurasa. Sikuwahi kuziona zikiwa zimepangwa pamoja. Nikainua mkono wangu wa kulia mbele yake, nikaunyoosha, nikauacha. Mnauona mnapokuja. Unatetemeka kama jani la muhogo tangu nilipougua. Nikamwambia mama, mimi sikumkunja uso. Mstari unataka kwenda moja kwa moja, mkono unakwenda mara tatu. Makunyanzi haya ni ya mkono wangu.

Nilidhani atalia, nikajilaumu kwa kusema wazi hivyo.

"Basi mkono wako ndio unaomwona," akasema, akaanza kukunja kurasa zake.

Mngemjibu nini? Mimi nilimpa chai.

Kabla hajaondoka aliniomba jambo. Nilikuwa nimemwambia kwamba Rehema, mhariri wetu wa sasa, amepiga simu kusema wasomaji wamehamia kwenye simu na gazeti linafungwa mwisho wa mwezi, kwa hiyo nimalizie Nandonde kwa ukurasa mmoja. Nilitegemea Mama Zainabu aombe nimrudishe nyumbani, apokelewe, watoto wakimbie. Hata penseli ilikuwa imeshaanza kuwaza. Akasema hapana.

"Usimrudishe nyumbani. Ukimrudisha huko kwenye gazeti, na mimi mlangoni kwangu simwoni, nitajua kwamba miaka yote ulikuwa unachora tu."

Akaenda kuwahi basi.

Wiki ile ile akaja Bakari, mdogo wake Hassani, mwenye duka la vipuri vya baiskeli Newala mjini. Yeye alianza na matusi ya utani kama inavyotakiwa. Alisema amesikia Wamakua wa Masasi siku hizi wanafundisha wake za watu kusoma magazeti. Nikamwambia yeye hajafundishwa na mtu yeyote, ndiyo maana anauza minyororo. Tukacheka, tukala. Kisha akanawa mikono na kicheko kikamtoka usoni.

Alisema shemeji yake hasikii. Chakula cha Hassani bado kinapakuliwa na kufunikwa. Harusi za ndugu haendi, kwa kuogopa asije akakosekana nyumbani siku mume akirudi. Mama yao amekufa akiomba mwanawe asomewe dua, na haikusomwa, kwa sababu Mama Zainabu alisimama mlangoni na lile gazeti akawauliza masheikh watamsomeaje dua mtu aliyeonekana juzi. Sasa sheikh ameruhusu. Wanataka kumsomea hitima, mke akae eda, imalizike, aishi. Bakari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na macho ya mtu aliyebeba jeneza tupu kwa muda mrefu na hajaambiwa pa kulitua.

"Muue, mtani," akasema. "Ukurasa mmoja tu. Wewe ukisema amekufa, ataamini."

Vijana, nimechorea gazeti wanasiasa waliochukia pua zao. Nimetishwa na mwenye kiwanda. Sijawahi kuogopa meza yangu kama siku zile. Nilichora Nandonde amelala chini ya mkorosho na baiskeli imemwangukia, nikachana. Nilimchora anafika nyumbani, nikachana hata kabla ya wino. Nilichora barabara tupu yenye alama ya matairi, nikaitazama, nikaona ni uongo wa kifundi, ule ambao wasomaji huusifu na mchoraji anajua kwamba amekimbia. Nikauchana nao. Nilikuwa na mtu wa karatasi mkononi na mtu wa kweli sikumjua, na mwanamke mmoja alikuwa ameishi kati yao. Nikimwua huyu, nani angekufa? Siku ya mwisho aliyoniwekea Rehema ikafika sijatuma kitu. Akarudia ukurasa wa zamani. Kwa habari za gazeti, hadi leo Nandonde bado anasukuma.

Hitima ilisomwa bila mimi kumwua mtu. Wazee wa ukoo waliamua, na Mama Zainabu alitoa neno moja: waje, wasome, wale, lakini mkekani kwa mjane hatakaa. Kama Hassani amekufa kweli, basi mtani wake aje afanye kazi ya mtani mbele ya watu, naye atamtazama.

Ninyi wa siku hizi huenda hamjaiona kazi ya mtani ikifanywa vizuri. Msibani, mtani huvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, akadai chakula kama yeye. Watu hucheka mpaka machozi, kisha machozi yanabaki na kicheko kinaondoka. Hakuna anayemwigiza mtu aliye hai namna ile. Ni mwiko. Kwa hiyo nilielewa anachoniita nikafanye, na sikuelewa nitakifanyaje. Marehemu nisiyemfahamu, aliyefia mahali pasipojulikana, kama amekufa.

Nilipanda na basi la asubuhi. Nyumba yao iko nje ya mji, kwenye mteremko wa kwenda visimani. Watu walikuwa wengi, masufuria ya pilau yanafuka moshi, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Mkeka wa mjane ulikuwa umetandikwa mlangoni kati ya wanawake wazee, na katikati yake pameachwa nafasi. Mama Zainabu alikuwa amesimama kando, amejifunga khanga kiunoni kama mpishi. Dua iliposomwa ikaisha, akaingia ndani, akatoka na koti la zamani la kahawia. Akanipa bila neno. Bakari akaleta baiskeli ya kaka yake, imeshika kutu, matairi yamelala.

Nikavaa koti. Lilinipwaya mabegani. Nikashika baiskeli nikaanza kuisukuma uani, na kwa kuwa sikuwa na Hassani mwingine, nikamfanya Nandonde. Kofia upande. Shingo mbele. Hatua fupi za mtu anayesukuma mzigo. Nikasimama mbele ya wanaume, nikabisha hodi hewani, nikalalamika kwamba maji ya leo ni mazito kwa sababu Bakari ameyahesabu.

Watu wachache walicheka, kwa heshima. Kisha mzee mmoja akasema Hassani hakuwa anainama hivyo, alikuwa amenyooka kama mti. Mwingine akasema alichechemea, mguu wa kushoto. Wa kulia, akasema jirani yake. Mwanamke kutoka jikoni akasema Hassani hakulalamika hata siku moja, alikuwa anaimba. Mwingine akacheka: aimbe nani, Hassani alikuwa bubu kabla ya chai. Kila niliporekebisha, nilikosea kwa mwingine. Nilinyooka, nikachechemea, nikaimba, nikanyamaza. Jasho likanitoka. Nilikuwa mzee ndani ya koti la mtu, nikibadilishwa na watu kama picha inayofutwa na kuchorwa upya, na mkono wangu uliokuwa umeshika usukani ulitetemeka mpaka kengele ikalia yenyewe.

Hapo Mama Zainabu akaja katikati ya uwanja.

"Siyo hivyo, mtani," akasema. "Hebu lete."

Nilidhani anataka baiskeli. Akanivua koti mabegani, akalivaa yeye, juu ya khanga. Akanigeuzia mgongo, akatazama chini, kule mteremko unakokwenda. Kisha akaitanua miguu kama mtu aliyekaa juu ya kitu, akaiinua mikono mbele akashika usukani usiokuwapo, akaanza kushuka.

Alikuwa anakimbia, na hakuwa anakimbia. Mwili wote ulikuwa umelegea, kichwa nyuma, miguu mbali na pedali. Kwa mdomo alikuwa akipiga sauti ya madumu matupu yanayogongana, ko-ko, ko-ko, ko-ko, na katikati ya sauti ile alikuwa anapiga yowe la mtu anayewaonya kuku wapishe njia. Akashuka na mteremko mpaka kwenye ua wa jirani, akapiga kona, mkono mmoja juu, akaachia kicheko ambacho hakikuwa chake. Kilikuwa cha mwanamume. Kikatoka kwenye kifua chake kama kilikuwa kimekaa humo muda wote kikisubiri nafasi.

Wanawake wazee pale mkekani walipiga vigelegele, kisha mmoja akajifunika uso, na wote wakajifunika. Mimi nilikuwa nimesimama. Nilikuwa namwona mtu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu yote niliona mtu mzima mzima akipita mbele yangu, na hakufanana na Nandonde popote. Si shingo, si mabega, si kitu. Nilikuwa nimechora miaka mingi mtu anayepanda na maji mazito, na mwanamke huyu alikuwa ameishi kwenye mteremko na mtu anayeshuka na madumu matupu akirudi kwake. Kwa nini basi aliziweka zile kurasa? Aliona nini ndani yake? Nimemwuliza baadaye, akanipa muhogo.

Alipanda kurudi taratibu, akihema, koti limemkaa vizuri kuliko lilivyonikaa. Hakumtazama mtu. Akalivua, akalikunja, akalikumbatia. Akaenda mlangoni, wanawake wazee wakasogeza miguu, akaketi mkekani, pale palipoachwa.

Nilimsogelea Bakari, aliyekuwa amejishika kichwa, nikamwuliza kwa sauti ndogo kama kweli kaka yake alikuwa hivyo.

"Sijui, mtani," akasema. "Mimi mjini nilikuwa namwona akija na maji tu."